Jina Lako na Kura ya Kunong'ona

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Nimeanza kwa shikamoo kwa sababu mkono wangu haujui kuanza vingine ninapokuandikia wewe, ingawa marahaba yako sitaisikia tena. Hali sitakuuliza. Kaburi lako naliona kutoka mlangoni kwangu, kati ya migomba na ile mibuni ya zamani, na juzi nimelipalilia. Nitakupa habari za huku, maana ulikuwa mtu wa kupenda habari, na hii niliyonayo leo ni yako kuliko ya mtu mwingine yeyote.

Mvua imenyesha vizuri. Mlima haujaonekana kwa siku kadhaa kwa ajili ya mawingu, mfereji umejaa, na mibuni yangu ya upande wa chini imechanua yote kwa pamoja. Nasema "mibuni yangu", Baba, bila kugeuka kuangalia kama kuna mtu anasikia. Wewe unajua ilivyokuwa mpaka nikaweza kusema hivyo.

Mwanao Aminieli alipofariki aliniachia binti wawili na shamba hili. Matanga yalikuwa hayajapoa vizuri, shemeji yangu Nathanaeli akaja kutembea humu, akiishika mibuni mmoja mmoja kama mtu aliyekwenda mnadani kuchagua ng'ombe. Alisema mbele ya ukoo kwamba mimi bado kijana, nitaolewa tena, na kahawa ya ukoo itamfuata mume mgeni. Wewe ulikuwa umekaa kwenye kigoda chako, fimbo katikati ya magoti. Ulisema, "Aliyepanda hapa ni Aminieli na mkewe. Mmoja ametangulia. Aliyebaki atakaa." Nathanaeli hakukubali, akapeleka shauri barazani.

Sikumchukia, nawe hukumchukia. Alikuwa na watoto wengi juu ya kipande kidogo, na chini yetu kote kulikuwa na mashamba ya wazungu, tungehamia wapi? Lakini binti zangu nao walikuwa wanakula kutoka hapa. Na siku hizo mashauri ya ardhi ya bonde letu yaliamuliwa barazani kwa neno la mjumbe wa bonde, na kiti cha mjumbe kilikuwa wazi.

Ndipo ulipogombea. Wewe ambaye hukuwahi kutaka cheo zaidi ya uzee wa usharika! Watu walishangaa, mimi sikushangaa. Mpinzani wako alikuwa Zefania, mwenye mashine ya pekee ya kumenyea kahawa bondeni kwetu, naye alikuwa ameshampa Nathanaeli neno lake. Akishinda Zefania, mimi na wanangu tungefunga mizigo kabla ya mavuno. Kila mtu alilijua hilo, hata wale waliojifanya hawalijui.

Unakumbuka kwamba kwa kiti kile kimoja tulipiga kura mara tatu? Nikiwasimulia binti zangu hucheka, wanadhani naongeza chumvi.

Mara ya kwanza ilikuwa kura ya mistari. Bwana Shauri, yule kijana wa Kiingereza aliyeungua pua kwa jua, alikuja kutoka bomani akasimama kwenye uwanja wa shule. Wanawake hatukuitwa. Wanaume waliambiwa kila mmoja asimame nyuma ya mtu anayemtaka. Ni rahisi kusema hivyo ukiwa huna kahawa ya kumenya. Zefania alikuwa amekaa mbele kwenye kiti, anaangalia nani anakwenda wapi, na mavuno yalikuwa yanakaribia. Siku ile wanaume wa bonde zima waliumwa tumbo. Huku mmoja amelala, kule mwingine ametumwa Tengeru ghafla, yule wa tatu ng'ombe wake amepotea. Nyuma ya Zefania walisimama watu wake wa mashine, na nyuma yako wazee wenzako wa usharika, wale ambao hawakuwa tena na meno wala hofu. Uwanja uliobaki ulikuwa wa mbuzi.

Bwana Shauri alikasirika. Alisema hawezi kwenda bomani kusema watu wamechagua wakati watu hawakuja. Akaifuta. Baada ya muda mfupi tarishi akaleta amri mpya: safari hii kura itakuwa ya siri. Mtu ataingia peke yake darasani, atamnong'oneza karani jina la anayemtaka, karani ataandika alama, basi. Na wanawake nao watapiga.

Sijawahi kukuona na furaha kama siku ile. Ulipita njia ya nyuma ya nyumba yangu ukiimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya kukwaruza. Ulikuwa na hesabu yako: ukoo wetu ndio mkubwa kuliko wote bondeni, wana wako na wana wa ndugu zako wote wameoa, na wake zao wote walikuwa wanakupenda. Nani hakuwahi kula ndizi ulizompelekea alipojifungua? Ulituhesabu kwa vidole, ukarudia, ukaridhika.

Na hakuna aliyekumbuka. Ndilo linalonishangaza hadi leo, Baba. Si wewe, si sisi, si wazee waliokaa kupanga mambo mpaka chai ikapoa. Tulikuwa tumeishi na jambo lile kila siku hata hatukuliona tena, kama mtu asivyoona pua yake.

Kwetu mke wa mwana hamtaji baba mkwe kwa jina. Hamtaji, haingii chumba alimo, na baba mkwe naye hapiti mlango wa nyumba ya mkwe wake. Nilipoolewa nililisikia jina lako mara moja kutoka kwa mchungaji, na tangu hapo likawa kitu cha kuzungukwa. Jina lenyewe liko kwenye Biblia! Nikisoma somo katika ibada ya nyumbani, nikilifikia nilikuwa nasema "yule mzee" halafu naendelea, na wewe upande wa pili wa ukuta ulikuwa unakohoa kidogo ili nijue umeelewa. Mara moja Ruti wangu aliniuliza huyu mzee asiye na jina katika Biblia ni nani. Nikamwambia amalize uji wake.

Siku ya kura tulitoka wote. Sijui kama wanawake wa bonde letu waliwahi kukutana wengi hivyo bila arusi wala msiba. Tulivaa kanga mpya, tukabeba watoto mgongoni, tukapanda njia ya matope mekundu tukitaniana. Mstari wetu ulizunguka shule. Wewe ulikuwa umekaa mbali chini ya paa la kanisa, umegeuza uso kama ilivyopasa, lakini nilikuona unaufuatilia mstari kwa pembe ya jicho, na masharubu yako yalikuwa yanacheka.

Zamu yangu ikafika. Karani alikuwa mtu wa Tanga, mpole, mwenye kofia iliyofuliwa vizuri. Akainamisha sikio.

"Karibu bibie. Nitajie umtakaye."

Nikafungua mdomo. Hapo ndipo nilipokumbuka.

"Namtaka yule mzee," nikasema.

"Mzee yupi?"

"Wa kwetu."

"Wote wawili ni wa kwenu, mama."

"Baba yake marehemu."

"Marehemu gani tena? Mimi mgeni hapa."

Nikamwomba kalamu niandike. Akasema amri ni kutaja; nikiandika mimi, yule asiyejua kuandika atafanyaje? Nikamwambia basi ayataje yeye majina, nami nitaitikia. Akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Nikiyataja mimi, watasema nimekutia maneno mdomoni." Alikuwa anataka kunisaidia, niliona kabisa. Nyuma yangu mlango ulikuwa unagongwa. Nikasimama pale mbele ya meza nikifikiria shamba langu, mibuni, binti zangu, na jina lako likiwa hapa kooni, nami siwezi kulitoa wala kulimeza. Nikatoka bila kusema kitu.

Nje niliwakuta wenzangu wamekaa kwenye nyasi, hawataniani tena. Hakuna aliyehitaji kuuliza. Mama Eliya, mke wa mtoto wa ndugu yako, alikuwa analia kwenye kanga.

"Mimi nimemtaja Zefania," akasema.

"Zefania? Kwa nini?"

"Ningefanyaje? Yule kaka ananiuliza na kuniuliza, watu nyuma wanasukuma. Nikaona aibu kutoka bure. Nikataja lile linalotajika."

Wengine wawili wakainamisha vichwa. Nao walikuwa wametaja lile linalotajika.

Jioni tukaambiwa Zefania ameshinda. Nathanaeli alipita njiani na hakusimama kunisalimu, na nadhani ni kwa sababu alikuwa na haya, si kwa sababu ya majivuno. Mimi niliwalaza watoto, nikakaa karibu na meko na kulia mpaka nikachoka.

Asubuhi ulikuja na mzigo wa majani ya ng'ombe wangu. Hukuwa ukija kuzungumza nami, hilo lisingefaa. Ulikuwa ukija kuzungumza na ng'ombe. Tangu Aminieli afariki ndivyo tulivyokuwa tunapeana habari, wewe nje zizini, mimi ndani jikoni, na yule ng'ombe mwekundu katikati akitafuna mambo yetu yote. Nadhani hakuna ng'ombe aliyewahi kujua siri za ukoo kama yule.

"Ng'ombe," ukasema, "habari umezipata? Nimeangushwa na wakwe zangu."

Nikaziba mdomo kwa mkono.

"Wameniheshimu mpaka wameniangusha," ukaendelea, na nikasikia unacheka, kicheko kidogo cha mtu aliyejikwaa barabarani na kuona nani amemwona. "Mwambie mtu aliye humo ndani kwamba sina kinyongo. Na mwambie nimempa ruhusa. Jina nilipewa kanisani mbele ya watu, si siri ya mtu. Kama kuna siku nyingine, na alitaje."

Nilikuwa nakoroga mtori. Nikainama juu ya sufuria, nikajaribu, polepole, kwa mvuke tu bila sauti. Midomo ilikwenda, ulimi ukagoma. Si kwamba nilimwogopa mtu. Ni kwamba heshima ile hukuniwekea wewe, kwa hiyo hukuweza kuniondolea wewe.

"Ng'ombe," nikasema, "mwambie Baba ruhusa nimeisikia. Ulimi ndio haujaisikia."

Ng'ombe akatafuna. Halafu ukasema, "Basi tutauacha ulimi upumzike. Tutawatafutia njia nyingine." Ukaenda kuvaa koti lako la kanisani, ukachukua fimbo, ukashuka kwa miguu hadi mjini, ukavuka Themi, ukaenda kukaa kwenye benchi la bomani mpaka ukaitwa.

Ulimsimulia ng'ombe yote uliporudi, nami nikiwa ndani nimeshika mwiko hewani. Bwana Shauri alikuwa ameshaona kwenye daftari la karani kwamba waliotoka bila kusema kitu walikuwa wengi kuliko waliosema, na hakuelewa. Alikuwa anadhani wanawake wetu hawataki mambo ya kura. Akakuuliza, "Kwa nini hawawezi kukutaja? Una laana?" Nawe ukamjibu, "Hapana, bwana. Nina wakwe." Mkalimani ilimchukua muda mrefu kueleza hilo kwa Kiingereza. Alipomaliza, yule kijana hakucheka. Alikuuliza unataka afanye nini, na wewe ukamwambia: weka masanduku mawili nyuma ya pazia, kila sanduku na picha yake, kila mtu apewe kikaratasi akatumbukize anapotaka, na karani akae nje na masikio yake. Akakubali, akaifuta na ile kura ya kunong'ona.

Nimefikiri mara nyingi, Baba, kwamba ungeweza kuomba tutaje, tulazimishwe, tukemewe kanisani. Mzee mwingine angefanya hivyo. Wewe ulikwenda kuomba kura ibadilike ili sisi tusibadilishwe kwa nguvu. Nilikupenda tangu zamani, lakini siku ile nilikupenda kama baba aliyenizaa.

Zefania alichagua picha ya jogoo. Wewe ulichagua ng'ombe. Watu walisema mzee amechagua utajiri, wengine wakasema amechagua maziwa kwa watoto. Mimi nilinyamaza. Ukoo mzima ulikuwa haujui ni ng'ombe gani.

Safari ile hata wenye matumbo walipona. Walikuja wanaume ambao siku ya mistari walikuwa wagonjwa, wakaingia nyuma ya pazia, wakatoka wamekunja uso wasijulikane, wakampita Zefania na kumwamkia vizuri kabisa. Walikuja wake wa ukoo wetu wote. Mama Eliya aliingia akakaa humo hadi karani akamuuliza kama amelala; alisema baadaye alikuwa anahakikisha pembe. Mimi nilipoingia nilimkuta ng'ombe amechorwa vibaya, miguu mirefu kama ya punda. Nikatumbukiza kikaratasi changu. Halafu, kwa kuwa hapakuwa na mtu, nikaliambia sanduku shikamoo.

Ulishinda kwa kura nyingi mpaka Zefania mwenyewe akaja kukupa mkono. Mashine yake hakuifunga. Angeifungia nani, wakati hajui nani alimpa na nani alimnyima? Shauri langu likafika barazani, ukasema maneno yale yale uliyoyasema kwenye kigoda, na safari hii yakaandikwa. Kisha ukampa Nathanaeli kipande cha shamba lako mwenyewe, kile cha karibu na mfereji. Alikilima akiwa ameinamisha uso msimu mzima. Siku hizi huja kunisaidia kupogoa mibuni, na akinywa chai huzungumza habari zako hadi jua linazama.

Baada ya hapo ulikaa nasi muda usiotosha. Siku zile za mwisho, ulipokuwa huwezi kutoka, nilimleta ng'ombe mpaka chini ya dirisha lako. Watu walidhani nimechanganyikiwa kwa huzuni. Ulimwambia, "Mwambie mtu wa nyumba ile nimelala vizuri." Nami nikamwambia akuambie nimesikia. Nilitaka kusema zaidi. Kila nikichuma kahawa nakumbuka kwamba nilitaka kusema zaidi.

Sasa habari yenyewe. Mwingereza anaelekea kuondoka, Baba. Kuna kura ya nchi nzima, si ya bonde. Iliyopita walitaka mtu mwenye kipato kikubwa au aliyesoma hadi madarasa ya juu, kwa hiyo huku kwetu walikwenda wachache, nasi wengine tukabaki kuwauliza wamemchagua nani. Mwaka huu wamelegeza. Ukijua kusoma na kuandika Kiswahili, inatosha. Nikakumbuka masomo yangu ya kipaimara, nikakumbuka ibada zetu za nyumbani na kikohozi chako ukutani, nikaona hilo langu.

Jana nikashuka mjini kujiandikisha. Nilipita Kimandolu, nikavuka Themi, na nikafikiri juu ya koti lako la kanisani siku ile. Mstari ulikuwa mrefu, wanawake wengi, wengine wananong'ona maneno ya kwenye gazeti ili wasishikwe na kigugumizi. Karani alikuwa kijana wa kwetu, ana haraka. Alinipa gazeti nisome, nikasoma. Akasema vizuri, mama. Kisha akachovya kalamu.

"Jina?"

"Naomi."

"Naomi nani?"

"Naomi Aminieli."

"Majina matatu, mama. Aminieli wa nani?"

Ilikuwa meza ile ile, Baba, na watu nyuma wanasukuma vile vile, na hapakuwa na pazia wala picha. Nikatazama mlango. Nilijua njia ya kutoka bila kusema kitu, nilishawahi kuipita. Nikafikiri: nikitoka sasa, ile safari yako ya bomani ilikuwa ya nini? Ulitutafutia njia ya pembeni wakati ulimi wetu ulipokuwa umelala. Hukusema tulale siku zote.

Nikalitaja jina lako. Kwa chini, kama mtu anayeweka yai.

Karani akainua kichwa. "Sikusikia, mama. Rudia."

Nikarudia, Baba. Nikalitaja kwa sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya mfereji, lote, kuanzia herufi ya kwanza hadi ya mwisho, na wazee waliokuwa kwenye benchi wakageuka kuangalia nani ameitwa. Karani akaandika. Nikasimama nikamtazama akiandika mpaka wino ukakauka.

Humu sijaliandika, utaona. Hapa ni nyumbani. Siku ya kura nitapita kwanza hapo kwako kukuambia nakwenda, na nikirudi nitakuambia yaliyotokea. Pumzika, baba yangu. Binti zangu wanakua, Ruti ameanza kukohoa kama wewe akitaka kunionya.

Ng'ombe mwekundu alizeeka, lakini ndama wake yupo zizini, na asubuhi kabla ya kushika kalamu nilimwambia yeye kwanza habari hizi zote, kwa hiyo najua umeshazipata.

Mkaza mwanao,
Mama Ruti